Sauti ya Asili Isiyokuwapo: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Kutisha za Ulaya

Wateja wanaoniletea filamu za kutisha za Ulaya za miaka ya 1960 ili ziingizwe sauti za Kiswahili huniambia jambo lile lile: niachane na toleo la Kiingereza, kwa kuwa midomo haioani na maneno, nitafute toleo la asili lenye sauti za waigizaji wenyewe. Nimelisikia mara nyingi mno, na linawapotezea watu muda na fedha, kwa sababu katika filamu nyingi za Italia za wakati huo sauti hiyo haikuwahi kuwapo.

Chukua Lycanthropus ya mwaka 1961, inayohusu mtu anayegeuka mbwa mwitu katika shule ya wasichana. Kati ya waigizaji wake, Barbara Lass alitoka Polandi, Carl Schell Uswisi, na Curt Lowens alizaliwa Ujerumani. Utaratibu wa Italia wakati huo ulikuwa kupiga picha kwanza, kisha kurekodi mazungumzo studioni. Kamera ziliachwa zingurume, mwongozaji aliweza kutoa maelekezo kwa sauti huku picha ikipigwa, na waigizaji wa mataifa mbalimbali waliweza kusema kila mmoja kwa lugha aliyoimudu. Baadaye vipande vifupi vya filamu viliungwa ncha kwa ncha na kuzungushwa mbele ya waingiza sauti, ambao mara nyingi si wale tunaowaona kwenye picha, nao wakairudia sentensi moja hadi ikakaa sawa. Mtazamaji wa Roma alisikia sauti zilizopachikwa kama alivyosikia mwenzake wa New York.

Anayelalamika kuhusu midomo namwomba atazame p, b na m, ambazo hazitamkiki bila midomo kufumbwa. Makosa mengine jicho huyasamehe, hili halisamehe kamwe. Mtafsiri mzuri hupanga maneno kwa kufuata sehemu hizo, na Kiswahili kimejaliwa maneno tele ya kumsaidia. Mtafsiri mvivu hutafsiri maana peke yake, kisha lawama akatupiwa mwigizaji wa sauti. Ninasisitiza pia kwamba kabla ya kulipia haki za filamu, mteja adai mkondo wa pekee wa muziki na vishindo. Bila mkondo huo, ukifuta mazungumzo umefuta pia nyayo, milango na ngurumo za mnyama, na kuvitengeneza upya ni gharama ambayo hakuna aliyeipangia bajeti.

Wengine huamini kuwa majina ya Kiingereza mwanzoni mwa filamu ni ushahidi kwamba imetengenezwa Marekani au Uingereza. Richard Benson, anayetajwa kuwa mwongozaji wa Lycanthropus, ni Paolo Heusch, na Julian Berry aliyeandika hadithi ni Ernesto Gastaldi, Waitaliano wote wawili.

Kichwa cha filamu nacho kisiaminiwe. La marca del Hombre Lobo ya Hispania, ya mwaka 1968, ilitolewa Marekani mwaka 1971 kwa jina la Frankenstein's Bloody Terror kwa kuwa msambazaji alikuwa ameahidi majumba ya sinema filamu ya Frankenstein. Ndani yake hamna Frankenstein, isipokuwa utangulizi uliobandikwa kudai kwamba ukoo wa Frankenstein uligeuka mbwa mwitu. Wala filamu hiyo si ya Polandi, ingawa mhusika mkuu anayegeuka mbwa mwitu, Waldemar Daninsky, ni Mpolandi: wadhibiti wa filamu wa serikali ya Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, hawakutaka kiumbe wa namna hiyo awe Mhispania.