Kipimo cha furaha hakipimi kicheko

Kila Machi, orodha ya nchi zenye furaha, ile ya Ripoti ya Furaha Duniani, inapotoka, mitandao ya Nairobi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hudai orodha ni ya uongo, maana Mkenya hucheka hata akiwa kwenye foleni ya hospitali. Upande wa pili huiambia serikali isithubutu kutupimia furaha, itupe kazi kwanza. Juzi nilimsikia mtangazaji wa redio akiyasema yote mawili ndani ya kipindi kimoja, na mgeni wake, aliyetambulishwa kama mchumi, akawa anaitikia tu. Basi tuelewane.

Maana yenyewe ni fupi. Kipimo cha furaha ya wananchi ni takwimu inayopatikana kwa kuwauliza watu wenyewe maisha yao yanaendaje, kisha kuyapa majibu yao namba, mara nyingi kuanzia 0 hadi 10, ili mwaka ulinganishwe na mwaka, mtaa na mtaa, nchi na nchi.

Utata uko kwenye kinachoulizwa. Orodha ile ya Machi, iliyoanza 2012, hutegemea swali moja lililobuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani, Hadley Cantril, miaka ya 1960. Unaambiwa ufikirie ngazi ambayo kidato cha chini kabisa ni 0 na cha juu ni 10. Huko juu ni maisha bora kabisa unayoweza kuwa nayo, huko chini ni mabaya kabisa. Kwa sasa umesimama kwenye kidato gani? Shirika la kura za maoni la Gallup huwauliza watu takriban 1,000 katika kila nchi kwa mwaka, wastani wa miaka mitatu ukatafutwa, nchi zikapangwa. Neno furaha halimo kwenye swali hilo, na kicheko hakitajwi.

Kicheko kina maswali yake. Gallup haohao huuliza kuhusu jana: ulicheka au kutabasamu sana? Ulikuwa na wasiwasi? Huzuni? Hasira? Nchi zikipangwa kwa majibu ya aina hiyo, sura hubadilika. Finland, ambayo imeongoza orodha ya ngazi tangu 2018, siyo inayoongoza kwa vicheko. Kwa vicheko, Paraguay na jirani zake wa Amerika ya Kusini wamekuwa wakikaa karibu na kilele miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo anayesema Wakenya ni watu wa kucheka huenda anasema kweli, ila anajibu swali ambalo halikuulizwa. Muuza mitumba wa Gikomba anaweza kuchekesha wateja kutwa nzima, na jioni akiulizwa habari ya ngazi aseme 4, kwa sababu amekumbuka kodi ya nyumba na mtoto aliyerudishwa kwa kukosa karo. Hajadanganya mchana wala jioni.

Tofauti hii inatuhusu sisi wa Nairobi hasa, kwa namna tunavyosalimiana. Muulize mtu yuko aje, atakwambia poa, hata kama usiku hakupata usingizi. Ndiyo adabu, na si kila anayekuuliza anastahili habari zako. Ukizunguka mitaani ukiuliza watu kama wana furaha, utarudi na gunia la salamu. Swali la ngazi humlazimisha mtu atulie kidogo, ajilinganishe na maisha ambayo angeweza kuwa nayo. Wastani wetu umekuwa ukikaa chini ya 5. Maana yake ni kwamba Wakenya walioulizwa wanajiona wako chini ya katikati ya ngazi. Kutoka hapo hadi “Wakenya ni watu wenye huzuni” ni safari ndefu, na wahariri wetu huimaliza kwa kichwa kimoja cha habari.

Nigusie na hili, kwa kuwa kipindi kile kililipotosha pia: mapato, afya, uhuru, ufisadi na mengine yanayotajwa kwenye ripoti hayatumiki kukokotoa nafasi ya nchi. Nafasi hutokana na ngazi peke yake. Hayo mengine huletwa baadaye, kujaribu kueleza kwa nini nchi moja iko juu ya nyingine.

Halafu kuna suala la serikali. Orodha ya Machi si kazi ya serikali yoyote. Serikali zinazopima zina njia zao. Uingereza, baada ya David Cameron, waziri mkuu wao wa wakati huo, kulitangaza jambo hilo 2010, ofisi yao ya takwimu huuliza maswali manne: unaridhika na maisha kiasi gani, unaona unayoyafanya yana maana, jana ulikuwa na furaha, jana ulikuwa na wasiwasi. Manne mbalimbali, bila kuyachanganya. Bhutan, nchi ndogo ya milimani huko Asia, ina faharasa yake ya furaha, yaani kipimo cha jumla, yenye viashiria 33 katika nyanja 9, mpaka saa za kulala zimo, na lengo lenyewe la furaha ya taifa limeandikwa kwenye katiba ya 2008. Ila Bhutan haijawahi kuongoza orodha ya Machi. Aliyekwambia ndiyo nchi yenye furaha kuliko zote ameunganisha mambo mawili yasiyohusiana.

Je, serikali yetu ipime? Mimi nasema ndiyo, na hasa kwa ajili ya wale wa “itupe kazi kwanza.” Tafiti za kuridhika na maisha zimeonyesha mara nyingi kwamba kukosa kazi humshusha mtu kuliko upungufu wa pesa peke yake unavyoweza kueleza. Hata anayelishwa na ndugu zake hushuka. Shirika la kitaifa la takwimu, KNBS, hutuambia kila mwezi bei zimepanda kwa asilimia ngapi. Halituambii kupanda huko kumemshusha nani, wa Kayole kwa wanyonge au wa Lavington kwa matajiri, na kwa vidato vingapi. Swali moja likiongezwa kwenye utafiti wa kaya ambao tayari hufanywa, gharama yake ni ndogo sana.

Hofu yangu iko kwingine. Mgeni mwenye fomu ya serikali akibisha kwenye ploti, kwanza watu hujiuliza: ni kanjo, yaani askari wa kaunti, ni wa KRA, wale wa kodi, au ametumwa na chifu? Atakayedhani kuna msaada atasema 2. Atakayedhani anachunguzwa atasema 8. Tena serikali ndiyo huamua nani ni wa kuulizwa. Bhutan hiyohiyo inayosifiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wake wenye asili ya Kinepali walifukuzwa au wakakimbia, na zaidi ya 100,000 wakaishia kambini Nepal. Hakuna kiashiria kati ya 33 kilichowauliza wale wa kambini wamelalaje. Na hapa kwetu, mtaa ukishabomolewa, wakazi wake hawana tena mlango wa kubishiwa hodi.

Kwa hiyo anayetaka kulipinga wazo hili ana pa kuanzia: nani anauliza, nani ameachwa nje ya hesabu, na namba zikitoka zitatangazwa hata zikiwa mbaya? Hayo yana uzito. Lakini asiseme serikali inataka kupima kicheko chake, maana hilo hakuna aliyelipendekeza.