Mgeni bila jembe: mmisionari Mtanzania akiwa Ujerumani

Kila ninapokaa na mchungaji anayejiandaa kwenda kutumika Ujerumani, swali lake la kwanza ni baridi. La pili ni chakula. Hayo namjibu harakaharaka, maana yana dawa. Koti zito atalipata hukohuko kwenye duka la mitumba kwa bei ya chini kuliko atakavyolipata hapa. Ugali atasonga kwa unga wa mahindi ya njano, na ndizi za kupika zipo kwenye maduka ya Waafrika, ila bei itamfanya azile kwa adabu. Kisha na mimi namuuliza langu: "Ukifika kule, nani atakupa jembe?"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaitumia kumsuta mgeni aliyesahau kwao. Mimi baada ya miaka sita ugenini naisikia tofauti: aliyepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mtu wa pale. Mmisionari anaweza kukaa mwaka mzima akipewa kiti cha mbele, kahawa na keki, akipigwa picha na watoto wa kipaimara, na asipewe jembe hata siku moja. Hapo ndipo upweke unapoanzia.

Mimi ni mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mzaliwa wa Bukoba. Wamisionari wa Betheli, shirika la misioni la Ujerumani, walifika kwetu mwaka 1910, wakakuta wapo watu waliokwisha kuisikia Injili ng'ambo ya Uganda na kuanza kusali pamoja. Misioni ya Betheli baadaye iliungana na ile ya Rhine, na mwaka 1996 umoja huo, wenye ofisi zake Wuppertal, ukawa mali ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani kwa pamoja. Ndiyo maana siku hizi njia inapitika pande zote mbili, na Mhaya anaweza kutumwa kuwazika Wajerumani.

Na nilianza vibaya, tena kwa msiba. Kule mtu akifariki, mazishi yanaweza kusubiri wiki nzima au zaidi. Hakuna matanga, hakuna turubai wala masufuria ya jirani. Mchungaji huenda mara moja tu nyumbani kwa wafiwa, akae nao saa moja hivi asikilize maisha ya marehemu, ili aweze kuhubiri. Ziara hiyo ndiyo matanga yenyewe. Mjane wa kwanza niliyepangiwa aliniambia kwa simu nifike "halb drei". "Halb" ni nusu, "drei" ni tatu. Nikafurahi kwamba nimeelewa: saa tatu yao na nusu, yaani saa tisa na nusu yetu. Kumbe Mjerumani huhesabu nusu inayoelekea saa tatu. Alimaanisha saa nane na nusu.

Nilipobonyeza kengele, meza ilikuwa imeshaondolewa vyombo. Kimebaki kikombe kimoja, changu, kimefunikwa kwa kisahani. Bibi yule, mwenye miaka themanini na kitu, hakugomba. Alinishika mkono wa shati, akanipeleka jikoni, akasimama chini ya saa ya ukutani na kuisogeza mishale kwa kidole. Hapa nusu. Hapa robo. Hapa robo tatu. Mchungaji mwenye shahada mbili, nimesimama jikoni kwa mfiwa nafundishwa kusoma saa! Nilirudi nyumbani nimenywea kama kifaranga kilichonyeshewa. Watu hudhani ugumu wa lugha ni maneno. Ugumu wake ni kwamba inakurudisha utotoni mbele ya watu uliotumwa kuwachunga.

Kisha likaja giza. Bukoba ipo karibu mno na mstari wa ikweta. Jua letu halibadilishi ratiba. Kule nilikokuwa, magharibi mwa Ujerumani, mwishoni mwa Desemba jua hutoka kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini jioni, likitoka. Mwezi Juni linakaa hadi karibu saa nne usiku na usingizi hauji. Kwa ngozi zetu, jua lile hafifu la baridi halitoshi kutengeneza vitamini D, kwa hiyo nawaambia wote: mwezi wako wa kwanza kule nenda kwa daktari upimwe, usingoje uchovu ukushike ukaanza kukemea pepo. Novemba ndio mwezi mbaya kuliko yote. Mvua nyembamba, mchana wa rangi ya majivu, na wakati huohuo kundi la WhatsApp la ukoo linajaa picha za senene, panzi wetu wa kuliwa, wanaochambuliwa. Niliwahi kuizima simu siku mbili kwa sababu ya senene.

Jembe langu lilikuja Januari, likiwa beleshi. Sheria ndogo za miji mingi kule zinamtaka mwenye nyumba awe ameondoa theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya mlango wake, mara nyingi kabla ya saa moja asubuhi. Mtu akiteleza akavunjika, wewe utajibu. Nilimkuta bibi yule wa saa ya ukutani akihangaika na beleshi la plastiki, nikalichukua bila kuomba. Siku ya pili alikuwa ameliegemeza nje, upande wangu wa uzio. Hakusema neno. Nilichota theluji msimu mzima, na ule ndio ulikuwa mwezi wangu wa kwanza kulala vizuri.

Shikamoo kule haipo, lakini heshima ipo, imejificha kwenye sarufi. Mkubwa na mgeni huitwa "Sie", wa karibu huitwa "du", na mkubwa ndiye anayetoa ruhusa ya kuhama. Bibi yule alinipa ruhusa hiyo mwezi Machi, tukiwa tumeshika ufagio.

Aprili baba yangu mdogo akafariki. Nauli haikupatikana kwa wakati, na kwetu hatungoji. Nilimzika kwa simu, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Wimbo unakatika, picha inaganda kwenye kiatu cha mtu, mtandao ukirudi udongo umeshatupwa. Kisha zikaanza simu za mchango, maana aliye Ulaya hutoa kikubwa. Hili lizungumzeni na ukoo kabla ya safari, kwa tarakimu. Usimwachie mkeo alijibu.

Jioni ya pili kengele ililia. Kule hakuna hodi ya ghafla. Watu hupangiana siku na saa, hata mtu na dada yake. Alikuwa yule bibi, na sufuria ya supu ya dengu. "Sikupiga simu," alisema, kama anayeungama. Akakaa hadi saa tano usiku.

Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika, katika jarida lililosomwa na wamisionari wengi, kuhusu hatua za mshtuko wa utamaduni mgeni: kwanza fungate, kisha mgogoro, kisha kupona, kisha kuzoea. Naifundisha ngazi hiyo kwa sababu inamsaidia mtu asidhani ana wazimu. Ila nawaonya kwamba ngazi yangu ilikuwa na tabia ya kuanguka kila Novemba, ukapanda upya. Na hakuna aliyeniambia kwamba inaendelea hata ukisharudi.

Wiki ya pili baada ya kurejea Bukoba nilialikwa chakula kwa mzee wa kanisa, saa nane na nusu. Saa nane na dakika ishirini na nane nilikuwa mlangoni, nimeshika saa. Mama mwenye nyumba akachungulia, kanga imefungwa kwapani, sabuni bado shingoni.

"Mchungaji," aliuliza kwa hofu, "kuna msiba?"