Setilaiti huona paa, haioni ukuta: jinsi tunavyokadiria hatari ya matetemeko ya ardhi

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kukadiria hatari ya matetemeko ya ardhi, huniuliza tetemeko lijalo litatokea lini. Swali hilo silijibu, na hakuna mtaalamu yeyote duniani anayeweza kulijibu kwa siku na saa. Kinachotafutwa katika kazi hii ni jambo jingine: mahali fulani pakitikiswa kwa nguvu fulani, ni majengo mangapi yatabomoka, ni watu wangapi watakuwa ndani yake wakati huo, na hasara ya kiasi hicho itarajiwe mara ngapi, kwa wastani, katika karne kadhaa.

Hesabu yenyewe ina sehemu tatu. Kwanza ni mtikisiko: mipasuko iliyopo ardhini, kasi ya mabamba ya dunia kusogea, matetemeko yaliyokwisha kurekodiwa, na aina ya udongo, kwa kuwa udongo laini hukuza mawimbi ambayo mwamba mgumu ungeyapitisha tu. Kisha kuna vilivyo juu ya ardhi hiyo, yaani nyumba, shule, hospitali na watu wake. Mwisho ni udhaifu wa majengo: jengo la aina fulani huharibika kiasi gani linapotikiswa kwa kiwango fulani. Kompyuta hubuni matetemeko ya maelfu ya miaka kwa kufuata takwimu za sehemu ya kwanza, hulipitisha kila moja juu ya majengo yote, kisha hujumlisha hasara. Nimeona wasomaji wa ramani zinazotokana na hesabu hiyo wakibishana sana juu ya mipasuko, ilhali namba ninazoziamini kwa kiasi kidogo kabisa ni zile zinazohusu kuta za nyumba.

Mwaka 2010 ulitoa mfano ambao hutumiwa hadi leo, na mara nyingine hutumiwa vibaya. Tarehe 12 Januari Haiti ilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.0, tarehe 27 Februari Chile ikapigwa na lenye ukubwa wa 8.8, lililotoa nishati takriban mara 500 zaidi. Waliokufa Chile walikuwa mia tano na ushei, baadhi yao kwa tsunami. Kwa Haiti makadirio yanatofautiana mno, lakini mengi yanavuka watu 100,000. Tofauti hiyo husimuliwa kana kwamba imetokana na kanuni za ujenzi pekee, na hapo ndipo ninapotia shaka. Mpasuko wa Haiti ulikuwa karibu na uso wa ardhi, na kitovu chake kilikuwa umbali wa takriban kilomita 25 tu kutoka jiji la Port-au-Prince, ilhali tetemeko la Chile lilianzia chini ya bahari. Anayetaka kupima mchango wa ujenzi hana budi kuondoa kwanza athari ya umbali. Hata baada ya kufanya hivyo, hata hivyo, ujenzi unabaki na uzito mkubwa, kwa sababu mtikisiko uliofika Concepción, jiji la Chile, ulikuwa mkali na wa muda mrefu, na bado ni maghorofa machache sana yaliyoanguka. Chile ilikwisha kupigwa mwaka 1960 na tetemeko la 9.5 huko Valdivia, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na maghorofa yake husimama juu ya kuta nyingi za zege lenye nondo.

Kwa dunia nzima, modeli (yaani mfumo wa hesabu kama hiyo) inayojulikana zaidi ni ya taasisi ya GEM (Global Earthquake Model) yenye makao yake Pavia, Italia, ambayo mwezi Desemba 2018 ilitoa ramani za mtikisiko na za hasara kwa nchi zote. Programu yake ya kukokotoa, OpenQuake, ni ya bure na iko wazi kwa yeyote. Ugumu huanza pale programu inapohitaji kulishwa majengo. Picha za setilaiti huhesabu mapaa vizuri sana, lakini bati lile lile linaweza kufunika nyumba ya tofali mbichi, nyumba ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, au nyumba ya bloku yenye nguzo za zege kwenye kila pembe. Kwa hiyo tunachukua sensa, tunawauliza wahandisi na mafundi wa eneo husika, kisha tunakadiria kwamba katika mkoa huu sehemu kadhaa ya nyumba ni za aina hii na sehemu kadhaa ni za aina ile. Makosa ya bahati nasibu hufutana nyumba zinapokuwa nyingi. Lakini makadirio yakiegemea upande mmoja, wingi wa nyumba hauyaponyi.

Kagera inanifundisha zaidi kuliko ramani yoyote. Tetemeko la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na kila mwaka dunia hupata zaidi ya mia moja yanayolizidi. Hata hivyo watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Zilizoumia sana ni nyumba za tofali zisizo na nguzo wala mkanda wa zege unaozunguka kuta. Msonge wa zamani wa Wahaya, uliojengwa kwa miti na nyasi, ulikuwa mwepesi na wenye kunyumbuka. Ukuta wa tofali za kuchoma ni mzito, na ukitikiswa hupasuka ghafla. Kwa mwenye nyumba na kwa takwimu za umaskini tofali hilo ni maendeleo. Kwenye modeli yangu ni uzito ulioongezwa juu ya vichwa vya watu.

Hata saruji na nondo hazitoshi kumtuliza mkadiriaji. Mara nyingi hatuna cha kutumia isipokuwa mwaka wa ujenzi: jengo likiwa limejengwa baada ya kanuni fulani kupitishwa, huhesabiwa kuwa imara. Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri za kisasa kabla ya tarehe 6 Februari 2023, siku ambayo matetemeko ya 7.8 na 7.5 yaliua zaidi ya watu 50,000 nchini humo pekee, na miongoni mwa majengo yaliyoporomoka yalikuwamo mapya. La kwanza lilitokea saa kumi na dakika 17 alfajiri, watu wakiwa vitandani. Kwa sababu hiyo modeli makini huwa na idadi tofauti ya watu ndani ya nyumba kwa usiku na kwa mchana.

Kwa Afrika Mashariki nina tahadhari moja kuhusu wastani wa hasara kwa mwaka, namba inayopendwa sana na wanaopanga bajeti. Bonde la Ufa hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, hivyo matetemeko makubwa huachana kwa muda mrefu na wastani huonekana mdogo. Lakini mwaka 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, wakati wakazi walikuwa wachache na nyumba zao nyepesi. Tetemeko kama hilo leo lingekuta miji ya tofali.

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu pia majengo, zaidi ya milioni 14, na hiyo ni hazina ambayo nchi nyingi hazina. Ningeomba sensa ijayo iongeze maswali matatu ambayo karani anaweza kuyajibu kwa kutazama na kumuuliza mwenyeji: je, tofali zimeunganishwa kwa saruji au kwa udongo, je, kuna nguzo za zege kwenye pembe, na je, mkanda wa zege unazunguka nyumba yote au umekatika juu ya madirisha? Kwa kipimo cha Ulaya cha EMS-98, chenye madaraja ya udhaifu kuanzia A, ambalo ni dhaifu kabisa, hadi F, nyumba ya tofali za kuchoma isiyo na nguzo wala mkanda kwa kawaida huwekwa daraja B. Nguzo na mkanda vikiwapo na vikiwa vimefungwa vizuri, nyumba hiyo hupanda hadi daraja D.