Je, wajua kwa nini kiraka cha bodi kikishachomelewa bati linaota mawimbi?

Pita gereji za bodi kuanzia Nyakato mpaka Igoma hapa Mwanza, uliza kwa nini mlango wa Peugeot 504 uliokatwa kutu ukawekwa kiraka umetoka na mawimbi, wengi watakwambia joto limelitanua bati. Jibu linaingia akilini maana kila mtu anajua chuma kikipata moto kinatanuka, ila kilichotokea ni kinyume kabisa: bati limefupika. Na hii siyo kubishania maneno, kwa sababu ukiamini limetanuka utaenda kugonga ule uvimbe, na uvimbe ndo sehemu ambayo haina kosa lolote, ukiugonga unaitanua sasa kweli na mawimbi yanaongezeka.

Kutu yenyewe kwa kifupi. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo gari za huku zinaliwa zaidi na tope na maji ya mvua yanayotuama chini ya milango. Fundi anakata palipoliwa na kutu, anakunja kiraka cha pleni shiti, yaani bati bapa la chuma, la karibu milimita 0.9, kinakaa vizuri kabisa, halafu anachomelea.

Hapo sasa. Chuma kinarefuka kama milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila digrii moja, kwa hiyo kipande cha sentimita 10 kikipanda digrii 600 kinataka kurefuka karibu milimita 0.7. Lakini kirefuke kiende wapi, wakati pembeni pote kuna bati la baridi limekibana? Na chuma kikiwa chekundu kinakuwa laini, basi badala ya kurefuka kinajibana chenyewe kinanenepa. Kikipoa kinasinyaa kama kawaida, ila kinaanzia pale kiliposhabanwa, kwa hiyo kinaishia kifupi kuliko kilivyoanza. Chukua kitenge, shona mstari mmoja katikati halafu vuta uzi: mstari unafupika, kitambaa cha pembeni hakijaongezeka hata kidogo lakini kinajikunja marinda kwa sababu kimekosa pa kukaa. Uzi ndo mshono wa weldingi, marinda ndo ule uvimbe, na huwezi kuyaondoa kwa pasi wakati uzi bado umevutwa, lazima uulegeze kwanza.

Ushahidi mafundi wenyewe wanao mikononi. Bati lililotanuka kwa ajali, lile ukilibonyeza linaruka paa!, wanalipiga gesi sehemu ndogo kama sarafu mpaka iwe nyekundu, ikipoa bati linakaza. Joto lingekuwa linaacha bati limetanuka, hiyo kazi isingewezekana. Kitambaa cha maji wanachopozea kinasaidia joto lisisambae, ila kinachofupisha hasa ni kule kubanwa wakati wa moto.

Dawa basi ni kuurudishia mshono urefu wake. Unaweka doti moja ya weldingi, unaruka mbali, unaacha pale pa kwanza papoe, taratibu mpaka doti zikutane. Unasaga mshono ubaki umeinuka kidogo tu, unashikilia chuma kizito nyuma yake halafu unagonga juu ya mshono wenyewe na pale pembeni palipoiva bluu. Bati likifinywa kati ya vyuma viwili linakuwa jembamba na kutambaa, urefu unarudi, na uvimbe unashuka wenyewe bila kuguswa, ni kitu kizuri sana kukiona kwa macho. Mshono wa gesi unakubali nyundo vizuri, wa weldingi ya waya ni mgumu zaidi na unataka subira. Bati bapa kama la mlango ndo linaonyesha mawimbi haraka, lenye mgongo kama la mapajani mwa gari, pale juu ya magurudumu, linavumilia. Land Rover za zamani ni habari nyingine, bodi zake nyingi ni alumini, ambayo inatanuka karibu mara mbili ya chuma.

Tatizo kubwa linabaki pale ambapo mkono haufiki nyuma, mfano vizingiti vya chini ya milango vilivyofungwa pande zote, hapo hakuna pa kuweka kile chuma kizito. Kwa hiyo kabla hujawasha grenda, pitisha mkono ndani kwanza, halafu chora mstari wa kukatia pale vidole vinapofika, au usogeze mpaka karibu na mkunjo wa bodi, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa kuliko kutu.