Orodha ya majina kabla ya mabango

Kikundi cha mtaa kinachopigania makazi nafuu huanza, mara nyingi, na mabango na ombi lenye saini. Diwani hupokea karatasi, hushukuru, na mwaka hukatika. Tatizo si lazima liwe roho ngumu ya diwani. Karatasi ile haikumwambia ni watu wangapi, wanalala wapi, wana mapato gani, wanahitaji chumba cha namna gani. Ofisa wa bajeti hawezi kutenga fedha kwa ajili ya "watu wengi". Ukimwambia ni kaya 40, tisa kati yake zina watoto na sita ni za wazee wasioweza kupanda ngazi, ana kitu cha kupigia hesabu.

Ndiyo maana nasema tuanze na orodha ya majina. Si sensa ya usiku mmoja. Ni daftari la kila mtu asiye na makazi katika eneo lenu, linalosahihishwa kila wiki.

Tutazame mstari mmoja wa daftari hilo. Unaanza na jina ambalo mtu mwenyewe anataka kuitwa, halafu umri, hata wa kukadiria. Analala wapi sasa: ndani ya gari, kwenye baraza la duka, sebuleni kwa ndugu, au katika chumba alichokwisha kupewa notisi ya kukihama. Tangu lini. Yuko na nani. Aliipotezaje nyumba ya mwisho. Anapata riziki wapi na kiasi gani kwa mwezi. Ana ugonjwa au ulemavu unaobadilisha aina ya nyumba anayohitaji, kwa mfano dawa inayotakiwa kukaa kwenye friji. Ana kitambulisho au hana. Anapatikana vipi. Mwisho kabisa: hatua inayofuata ni ipi, nani ameahidi kuifanya, na lini.

Safu ya kitambulisho inaonekana ndogo, lakini ndipo mambo hukwama. Chumba kinapatikana, mtu yuko tayari, halafu mkataba unashindikana kwa sababu pochi yake iliibwa miezi minne iliyopita na kupata hati mpya kunachukua wiki kadhaa. Anzeni kufuatilia hati siku mnayoandika jina, bila kusubiri chumba kipatikane.

Kumwendea mtu aliyelala nje kuna adabu yake. Nendeni wawili, mmoja tu azungumze. Msimwamshe, ongeeni na aliye macho. Chuchumaa, usimsimamie mtu aliyeketi, wala usiguse mizigo yake, maana hiyo ndiyo nyumba yake kwa sasa. Jitambulishe, eleza mnachofanya, uliza kama yuko radhi kuongea. Dakika tano zatosha siku ya kwanza. Swali linalozaa zaidi ni hili: "Ungependa tuanze na lipi?" Wengine hawatataja nyumba, watataja jino linalouma au simu iliyozima. Shughulikieni hilo, kisha mrudi siku mliyoahidi. Na msiahidi chumba msichokuwa nacho. Ahadi moja iliyovunjika husambaa kwa wote wanaolala eneo hilo.

Ridhaa iwe ya maandishi, isomwe kwa lugha anayoielewa, itaje nani ataona taarifa zake na iseme kwamba mwenyewe anaweza kuiondoa wakati wowote. Majina yakae sehemu moja iliyofungwa. Nakala inayokwenda halmashauri iwe na namba tu. Msipige picha. Mahali watu wanapolala pasipelekwe kwa mtu yeyote mwenye kazi ya kufukuza watu barabarani, kwa sababu orodha njema ikiangukia mkono huo inageuka ramani ya msako. Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote katika andiko hili.

Kuna kundi ambalo orodha nyingi hulikosa: waliojibanza kwa ndugu na marafiki. Mama mwenye watoto wawili anayelala wiki hii kwa dada yake na wiki ijayo kwa rafiki haonekani na anayehesabu kwa kutembea usiku. Wanawake wengi hujificha kwa makusudi, kwa ajili ya usalama wao. Hao mtawapata kupitia walimu, wauguzi wa zahanati na viongozi wa dini.

Kila mwisho wa mwezi fanyeni hesabu moja. Walikuwepo 40, walioingia ni saba, waliopata nyumba ni watano, wamebaki 42. Kikundi kilichowatafutia nyumba watu watano kwa mwezi mmoja kimefanya kazi kubwa, ila kwa mtazamaji wa nje tatizo limekua. Sasa tenganisheni hao saba: wapya ni wangapi, waliowahi kupata nyumba wakarudi nje ni wangapi, na wangapi walipotea tu mkawaona tena. Wengi wakiwa wapya waliotolewa kwa deni la kodi, kuongeza vitanda vya malazi ya muda hakutapunguza idadi. Mnatakiwa kwenda kuziba pale wanapotokea.

Deni la kodi kabla halijawa notisi

Kumzuia mtu asitoke nyumbani ni rahisi kuliko kumtafutia nyumba nyingine, lakini muda wenyewe ni mfupi. Mpangaji akipokea barua, kaeni naye mezani na vitu vitatu: mkataba, barua yenyewe na risiti zote. Pigeni hesabu ya deni mwezi kwa mwezi. Makosa yanayojirudia ni malipo yaliyohesabiwa kama faini badala ya kodi, mwezi mmoja kuandikwa mara mbili, na matengenezo aliyoyagharamia mpangaji kutokatwa kwenye deni kwa sababu makubaliano yalikuwa ya mdomo tu. Deni halisi mara nyingine ni dogo kuliko lililoandikwa kwenye barua.

Baada ya hapo andikeni pendekezo la kulipa. Tuseme kodi ni 100 kwa mwezi na deni ni 250. Mpangaji mwenye hofu ataahidi kumaliza kwa miezi mitatu, yaani kulipa zaidi ya 183 kila mwezi. Mwezi wa kwanza atakopa, wa pili atashindwa, na mwenye nyumba hatamwamini tena. Pendekezo la 125 kwa miezi kumi linaonekana la unyonge, lakini linatekelezeka, na wenye nyumba wengi hulikubali wakiona kodi ya kila mwezi haikosekani.

Kama kikundi kina mfuko wa dharura, fedha ziende moja kwa moja kwa mwenye nyumba, na zisitoke kabla hajasaini kwamba notisi imefutwa. Bila saini hiyo deni hulipwa, notisi huendelea, na mfuko unapoteza fedha huku familia ikipoteza nyumba. Na pale ambapo kodi yenyewe inazidi uwezo wa kaya hata bila deni, msilipe malimbikizo kwa mazoea. Mtarudi mlango huohuo baada ya miezi minne. Hapo msaada wa kuhamia nyumba nafuu zaidi, pamoja na amana ya huko, una maana kubwa.

Nafuu kwa nani?

Neno "nafuu" hubeba mambo mengi kwenye mikutano ya mipango miji. Kipimo kinachotajwa sana ni kodi isiyozidi asilimia 30 ya mapato. Kina historia ya kisiasa: sheria ya Marekani ya mwaka 1969 iliweka kikomo cha asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Si kanuni ya maumbile. Kaya yenye mapato makubwa inaweza kulipa asilimia 40 na bado ikaishi vizuri. Kaya maskini ikilipa 30, kilichobaki hakifiki mwisho wa mwezi. Kwa watu wa orodha yetu ni heri kupiga hesabu kinyume: toeni chakula, nauli, dawa, maji na umeme, kisha mwone kilichobaki kwa ajili ya kodi. Hiyo inaafikiana na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, iliyoandika mwaka 1991 kwamba gharama ya makazi isihatarishe mahitaji mengine ya msingi.

Mradi ukitangazwa kuwa wa nyumba nafuu, ulizeni mambo matatu. Nafuu kwa mwenye mapato gani? Mara nyingi bei hupangwa kwa kaya yenye asilimia 80 ya mapato ya kati ya mji (nusu ya kaya hupata zaidi yake, nusu pungufu), na watu wa daftari lenu wako chini ya asilimia 30. Nafuu kwa miaka mingapi? Masharti yakiisha baada ya miaka 15 au 20, kodi hupanda hadi ya soko na wapangaji hutoka. Tatu, nani atakagua? Kwa wanaotafuta njia ya kudumu, amana ya ardhi ya jamii inafaa kuchunguzwa. Mfano wa kwanza Marekani ulianzishwa Georgia mwaka 1969 na wakulima Weusi na wanaharakati wa haki za kiraia. Ardhi hubaki mikononi mwa jumuiya, mkazi humiliki nyumba juu yake kwa hati ya kukodi ardhi ya muda mrefu, na akiuza hupata sehemu tu ya ongezeko la thamani, ili anayefuata naye amudu.

Ufunguo kwanza

Bado kuna wanaoamini kwamba mtu lazima aache pombe, atibiwe na apate kazi ndipo apewe nyumba. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis aligeuza utaratibu huo huko New York: nyumba kwanza, masharti ya matibabu yaondolewe, huduma zimfuate mtu alipo. Kanada iliupima kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa washiriki wapatao 2,000. Waliopewa nyumba kwanza walikaa kwenye makazi ya uhakika asilimia 73 ya muda. Waliobaki na huduma za kawaida, asilimia 32. Finland iliufanya kuwa sera ya taifa mwaka 2008, na malazi ya pamoja ya Helsinki yakageuzwa kuwa nyumba zenye mikataba ya kupanga.

Utaratibu huu huharibika pale ufunguo unapotolewa bila mtu wa kufuatilia. Mwezi wa kwanza ni wa furaha. Baadaye upweke unaingia. Aliyezoea kulala kati ya watu kumi anajikuta na kuta nne, anakaribisha marafiki waliobaki nje, wanakuwa wengi, majirani wanalalamika, na barua ya mwenye nyumba inafika. Dawa yake si kumkataza wageni. Ni kumtembelea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi sita ya mwanzo, kupanga naye namna ya kumwambia rafiki "leo hapana", na mwenye nyumba kuwa na namba moja ya kupiga kabla hajaandika barua yoyote. Hapa ndipo majirani wa kawaida wanapofaa kuliko wataalamu wengi. Na usiku wa kwanza chumba kiwe na godoro, shuka, sufuria, taa inayowaka na pazia. Mtu aliyelala hadharani kwa miaka hapati usingizi kwenye dirisha tupu.

Mbele ya madiwani

Nendeni wakati rasimu ya bajeti inaandaliwa; ikishapitishwa mtapewa maneno mazuri tu. Pelekeni ukurasa mmoja wenye takwimu tatu za orodha, ombi moja, na jina la idara yenye mamlaka ya kulitekeleza. "Tengeni vyumba 12 vya mtu mmoja katika jengo lile" hujibiwa ndiyo au hapana. "Chukueni hatua" hujibiwa kwa tabasamu. Msemaji aliyepitia maisha hayo alipwe nauli, achague mwenyewe atakachosema, na asilazimishwe kusimulia machungu yake ili kuwalainisha wajumbe.

Mpango mzuri wa muda mrefu hauwaondolei wajibu kwa aliye nje leo. Mwaka 2000, katika kesi ya Grootboom, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema mpango wa makazi usio na lolote kwa walio katika dhiki kubwa haukidhi katiba ya nchi hiyo. Kokote mlipo, swali hilo linaulizika: mpango huu una nini kwa asiye na pa kulala usiku huu?

Vyumba vikikubaliwa, ombeni siku hiyohiyo kusoma vigezo vya kupangisha. Huko ndiko kazi ya miaka miwili hupotelea kimyakimya. Fomu itadai hati ya mshahara, mdhamini mwenye mali na barua ya mwenye nyumba wa awali, yaani vitu vilevile ambavyo watu wa orodha hawana. Pendekezeni mbadala kwa maandishi: rekodi ya miamala ya simu au barua ya mteja wake wa mara kwa mara badala ya hati ya mshahara, kikundi kiwe mdhamini kwa kiwango kilichotajwa, na deni la kodi la zamani lisimzuie mtu aliyelipa bila kukosa kwa miezi sita. Mkitaka kujua kama vigezo vinafaa, chukueni mistari kumi ya daftari lenu na mwijaribishe fomu, mstari mmoja baada ya mwingine, kabla haijachapishwa.