«Puisque» na «parce que»: msikilizaji anajua nini tayari?

Nafundisha Kifaransa hapa Mbeya, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa mizigo: madereva, mawakala wa Tunduma, wauza mchele wenye wateja Lubumbashi. Sokoni kule Kiswahili kinatosha kabisa, ila karatasi za ofisini zinaandikwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo wananijia.

Mmoja wao alinionyesha ujumbe aliomtumia mteja wake:

«Puisque le camion est tombé en panne à Tunduma, la marchandise arrivera vendredi.»

Yaani gari limeharibika Tunduma, kwa hiyo mzigo utafika Ijumaa. Kisarufi hauna kosa. Mteja akajibu kwa maneno mawili: «Quelle panne ?» Kuharibika kupi tena? Alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuna aliyemwambia kwamba gari limeharibika, na huyu anamwandikia kana kwamba walishaliongea.

Daftari za wanafunzi wangu zina «kwa sababu» mbele ya parce que, puisque, comme na car, yote manne. Tatizo linaanzia hapo, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kinazitofautisha vizuri tu. Puisque ni maadamu. Ukimwambia mtu «Maadamu umefika, karibu tule», humpi habari kwamba amefika, anajua. Unaichukua sababu iliyo mbele ya macho yenu wote wawili na kujenga juu yake: «Puisque tu es là, mange avec nous.»

Kuna mahali inakaribia kabisa ile «si» yetu ya kumkumbusha mtu. «Vous paierez le reste, puisque vous avez signé»: utamalizia hela iliyobaki, si umesaini mwenyewe? Unasikia inavyobana. Mtu hawezi kuikana sahihi yake. Kwa hiyo nawasihi sana wanafunzi wangu: kwa mteja mpya, au kwa mtu unayemheshimu, pima kwanza kabla ya kuiandika.

Parce que inaleta habari. Ndiyo pekee kati ya hizi nne inayoweza kujibu «Pourquoi ?» ikiwa peke yake. Ukiwa na shaka, jaribu kuiweka kati ya c'est na que: «C'est parce que la route est coupée que je suis en retard.» Ni kwa sababu barabara imekatika ndiyo maana nimechelewa. Weka puisque hapo, sentensi inakufa.

Comme hukaa mwanzoni, kama «kwa vile» tunavyopenda kuitanguliza: «Comme il pleuvait, nous avons dormi à Uyole.» Kwa vile mvua ilikuwa inanyesha, tulilala Uyole. Haidai kwamba msikilizaji alishajua habari za mvua. Ukiipeleka nyuma, msomaji ataanza kuisoma kwa ile maana yake nyingine, ya «kama».

Car ni ya maandishi zaidi. Kwenye mazungumzo ya kawaida huisikii sana. Sheria yake mnayo tayari kwenye «maana». Tunasema «Usimsubiri, maana hatakuja». Hatugeuzi tukasema «Maana hatakuja, usimsubiri». Car nayo haitangulizwi hivyo: kwanza jambo, kisha sababu yake. Kwa barua ya biashara naipenda kuliko zote, kwa sababu imetulia na haimsukumi mtu.

Basi tukauandika upya ule ujumbe: «La marchandise arrivera vendredi, car le camion est tombé en panne à Tunduma.» Siku kwanza, maana ndiyo anayoisubiri mteja, halafu sababu.

Mzigo ulipofika, mteja akathibitisha kwamba magunia yote 200 yapo, ila hela iliyobaki akawa kimya. Mwanafunzi wangu akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kuitumia puisque. Nikamwambia sasa ndiyo saa yake, na akaandika mwenyewe:

«Puisque vous avez bien reçu les 200 sacs, merci d'envoyer le solde.»