Dawa Imegunduliwa, Mbona Hospitalini Haipo? Maelezo kwa Umma Kuhusu Habari za Utafiti

Miezi hii ya karibuni, wanaofika kwenye dawati letu la mapitio ya tafiti hapa Dar es Salaam huja na simu zaidi ya barua. Ndani ya simu mna klipu ya dakika mbili iliyotoka kwenye kundi la familia au la kikoba: tiba ya siko seli imepatikana, sindano ya Ukimwi imetoka, chanjo ya malaria iko tayari. Wanachouliza ni kimoja, wataipata wapi. Wapo pia walioombwa pesa ili majina yao yaingizwe kwenye majaribio. Hao ndio walionifanya niandike.

Nianze na siko seli, maana ndilo swali linaloletwa kwa uchungu zaidi. Habari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayotumia teknolojia ya CRISPR ya kuhariri jeni, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Katika utafiti uliowasilishwa Marekani, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatiliwa kwa muda unaotosha kupima matokeo, na 29 kati yao walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila yale maumivu makali yanayowalaza hospitali. Ni hatua kubwa na sitaki mtu aidharau.

Mama aliyenionyesha klipu hiyo ni mkazi wa Mbagala, na mwanawe ana miaka sita. Klipu haikumwambia kwamba mwaka 2023 tiba iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Haikumwambia kwamba si kidonge wala sindano ya siku moja: seli mama za mgonjwa huchujwa kutoka kwenye damu yake, hupelekwa maabara kuhaririwa, kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuondoa uloto wake wa zamani, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kabla ya kurudishiwa seli hizo, na hulazwa kwa wiki kadhaa. Bei nayo haikutajwa. Nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nilipomaliza kumweleza alinyamaza, halafu akasema kwamba tangu aione klipu alikuwa ameacha kumpeleka mtoto kliniki. Aliona haidroksiurea, dawa ya siko seli inayotolewa kliniki, ni ya zamani, akaamua kungoja mpya.

Naomba wazazi wanisikie hapa. Haidroksiurea imepunguzia watoto wengi maumivu na kulazwa, na kliniki ya siko seli haiachwi kwa sababu ya klipu. Upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye siko seli nao umeshafanyika nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Nani anafaa na nani hafai, hilo ni la daktari anayemtibu mtoto. Mimi hapa natoa maelezo ya jumla tu.

Sindano ya Ukimwi. Jina lake ni lenacapavir, huchomwa kila baada ya miezi sita, na ni dawa ya KINGA kwa mtu asiye na VVU. Si chanjo. Haimponyi aliyeambukizwa. Hili tumelisema kwenye redio na kwenye mikutano ya mitaa, na bado anakuja mtu anayetumia ARV kuuliza kama sasa aziache. Asiziache. Matokeo yaliyotikisa dunia mwaka 2024 yalitoka Afrika Kusini na Uganda: wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa katika kipindi kilichopimwa. Juni 2025 Marekani iliiidhinisha kwa ajili ya kinga, na Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Pendekezo la Shirika si kibali cha nchi. Nchi husajili dawa yake, huandika mwongozo wake na hununua kwa bajeti yake. Kila hatua ina watu wanaoifanyia kazi, na kituo cha afya huletewa dawa baada ya hatua hizo.

Chanjo ya malaria inaleta kosa la aina nyingine, nalo ni la asilimia. Chanjo ya R21 ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 4,800 katika Burkina Faso, Kenya, Mali na Tanzania. Kwetu ilikuwa Bagamoyo. Katika mwaka wa kwanza ufanisi ulikuwa asilimia 75 kwenye maeneo yenye malaria ya msimu, na asilimia 68 kwenye maeneo ambako malaria ipo mwaka mzima. Mtu akisoma 68 anasema: "Kwa hiyo watoto 32 katika kila 100 wataugua." Sivyo. Asilimia hiyo inalinganisha makundi mawili. Chukua mfano wa hesabu tu: kama kwenye kundi lisilochanjwa wangeugua watoto 50, kwenye kundi lililochanjwa wangeugua kama 16. Takwimu ya namna hii haina maana mpaka ujue inalinganishwa na nini, na kwa muda gani. Waandishi wa habari, tafadhali, andikeni na muda. Mwaka mmoja si maisha.

Na tusidhani kila ugunduzi lazima upande ndege. Misungwi, mkoani Mwanza, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waligawa aina nne za vyandarua katika vijiji 72, wakafuatilia watoto kwa miaka miwili. Mbu wa huko walishazoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Chandarua kilichoongezwa klofenapiri, dawa nyingine ya kuua mbu, kilipunguza visa vya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 kikilinganishwa na chandarua cha kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vya aina hiyo. Vijiji vya Usukuma vimebadilisha mwongozo wa dunia, na klipu yake sijaona mtu akinionyesha.

Lipo na lalamiko kwamba wanasayansi ni vigeugeu. Laetoli, Ngorongoro, mwaka 1976 zilionekana nyayo tano za kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili, na baadhi ya wataalamu wakasema huenda ni dubu. Zikafukiwa. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya, zikapimwa, zikalinganishwa na nyayo za dubu hai, na Desemba 2021 timu iliyokuwa na Mtanzania, Profesa Charles Musiba, ikachapisha kwamba ni za jamii ya binadamu wa kale, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Walitazama saa zaidi ya 50 za video za dubu. Muda ambao dubu alitembea kwa miguu miwili haukufika asilimia moja. Tena katika maelfu ya mabaki ya wanyama yaliyookotwa Laetoli, la dubu halimo hata moja. Kauli ilibadilika kwa sababu kazi iliongezeka, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa suala la pesa. Mshiriki wa utafiti HALIPI. Halipi usajili, fomu, kipimo cha utafiti wala kupangiwa foleni. Kinyume chake, hurudishiwa nauli yake.

Utafiti wa afya kwa binadamu hupita hivi. Andiko huwasilishwa kamati ya maadili ya taasisi ya mtafiti, kisha kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambako hutolewa cheti cha maadili. Ukiwa ni wa majaribio ya dawa, chanjo au kifaa tiba, lazima pia uwe na idhini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtafiti mgeni huomba kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa kibali hicho huomba kibali cha ukaazi Daraja C. Sampuli zikitakiwa kusafirishwa nje, huwekwa makubaliano ya maandishi ya uhamishaji wa sampuli. Baada ya hapo mtafiti huripoti kwa mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya, na mtaani kwenu huanza kwa mtendaji. Cheti cha maadili hudumu mwaka mmoja na huhuishwa. Taarifa ya maendeleo hutolewa kila miezi sita. Matokeo hayachapishwi bila ruhusa ya NIMR. Anayekiuka masharti ya cheti ana kosa chini ya kifungu cha 10(2) cha Sheria ya NIMR, Namba 23 ya 1979, na akitiwa hatiani hutozwa faini.

Yule asiye na utafiti wowote, anayepita Kariakoo au Buguruni akikusanya pesa za "majaribio", kosa lake ni lingine: kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo kinachoweza kufika miaka saba. Sipendi kumlaumu aliyelipa. Mzazi mwenye mtoto anayelia usiku hatafuti sheria, anatafuta dawa. Lakini muamala wa simu una kumbukumbu, basi usifute ujumbe. Peleka polisi pamoja na namba iliyopokea pesa.

Ukialikwa kwenye utafiti wa kweli utasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Uliza utafiti uko awamu ya ngapi, umeshajaribiwa kwa watu wangapi, na ukipata madhara nani atakutibu. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Fomu ina namba ya cheti cha maadili na simu ya kamati, na nakala yake ni yako, unakwenda nayo nyumbani. Ukinyimwa nakala usitie sahihi. Mshike mwanao mkono mwondoke, kisha utupigie simu.